Kusuka Injini ya Pikapu au Kupandisha Nyingine: Ulinganisho kwa Wenye Magari ya Dizeli Uganda

Mwenye pikapu ambaye injini yake imeanza kula oili, kuchemsha mlimani au kunoki (kugonga kwa ndani) kwa kawaida hupokea ushauri wa aina mbili kabla boneti haijafungwa. Fundi wa kwanza humwambia ashushe injini, aifungue yote na kuisuka upya. Wa pili humwambia asijisumbue, aende Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, anunue injini ya mtumba iliyotoka Japani, naye ataipandisha kwa siku mbili au tatu. Kila mmoja wao anaweza kuwa sahihi, na kila mmoja anaweza kumtia mwenye gari hasara, kwa sababu aghalabu fundi husifia kazi ambayo mikono yake imeizoea. Ipo pia njia ya tatu, ya kutoa injini na kuweka ya aina tofauti kabisa, kwa mfano kuondoa 1KZ-TE ya Toyota yenye turbo na umeme na kuweka 5L ya Toyota isiyo na turbo, nayo ina wapenzi wengi miongoni mwa watu wanaofanya kazi mbali na miji. Makala haya yanaziweka njia hizo tatu kwenye mizani moja, yakimlenga zaidi mtu anayetegemea pikapu yake kubeba maziwa, samaki, viazi au matoke, wala si mwenye gari la matembezi.

Injini inaumwa nini?

Fedha nyingi hupotea hapa, kwa hiyo sitapita haraka. Moshi wa bluu maana yake ni kwamba oili inaungua ndani ya silinda, ama kwa kupita kwenye ringi, ama kwenye sili za vali, ama kwenye turbo. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, na mara nyingi dawa yake ni nozeli (zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda), pampu au filta ya hewa tu. Moshi mweupe una sura mbili: ukinuka dizeli mbichi, tafuta nozeli, taimingi au kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) iliyoshuka; ukiwa na harufu tamutamu ya maji ya rejeta, huku maji yakipungua bila kuvuja nje, gasketi ya hedi (kichwa cha injini) au hedi yenyewe ina mashaka. Fungua pia kifuniko cha kujazia oili wakati injini inanguruma bila mwendo: upepo mkali unaotoka hapo kwa mapigo ni dalili ya ringi au silinda zilizochoka.

Baada ya macho na pua, pima kompresheni. Kwa injini za kundi la L za Toyota, yaani 2L, 3L na 5L, injini isiyochoka hutoa takribani bar 30 kwa kila silinda, na ikishuka chini ya bar 20 huhesabiwa imechoka. Vilevile tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 5 hivi. Silinda moja ikiwa chini na nyingine tatu ziko vizuri, huenda tatizo ni vali au gasketi, jambo linalomalizwa kwa kufungua hedi peke yake. Mtu anayeambiwa anunue injini nyingine bila kipimo hiki anauziwa dawa kabla hajapimwa.

Kisha kuna chanzo kilichoiua injini, ambacho mara nyingi hakimo ndani yake. Kampala iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukipanda hadi Kabale, kwenye mita karibu 2,000, huchemka kwenye nyuzi 93. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha rejeta, kitu kidogo ambacho madereva wengi hukibadilisha kwa chochote kinachoingia. Kifuniko kilicholegea, rejeta iliyoziba kwa tope, feni ambayo klachi yake imekufa, au thermostati iliyotupwa kwa imani kwamba haihitajiki katika nchi ya joto, vyote hivyo vitaingoja injini mpya uliyoilipia kama vilivyoingoja ya zamani. Nasema hivi kwa aibu kidogo, kwa kuwa niliwahi kupandisha injini safi ya mtumba kwenye Hilux yangu na kuacha rejeta ileile, nayo ikachemsha kwenye mlima wa kwenda Kapchorwa kabla haijamaliza mwezi. Muuzaji hakuwa na kosa lolote.

Vigezo vya ulinganisho

Baada ya ugonjwa kujulikana, nazipima njia zote tatu kwa mambo matano: kiasi gani cha ukweli unaweza kukiona kabla ya kulipa, fedha, pamoja na zile zinazojificha, siku ambazo gari litalala, upatikanaji wa vipuri na ujuzi wa fundi kwa aina ya injini uliyo nayo, na karatasi za gari. Kigezo cha kwanza nakipa uzito mkubwa kuliko vingine, ingawa watu wengi huanza na fedha.

Kinachoonekana na kisichoonekana

Injini inayosukwa hufunguliwa mbele yako. Silinda hupimwa, na ikionekana zimelika hutobolewa ili ziingie pistoni za ukubwa wa ziada, mara nyingi milimita 0.50, krankishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) hupimwa, na ikihitajika huchongwa na kuwekewa beringi za saizi ya 0.25. Hedi husawazishwa na kupimwa nyufa kwa shinikizo. Mwishoni unajua umri wa kila kitu kilichomo. Usichokiona ni ubora wa vipuri, kwa kuwa ringi bandia huuzwa katika boksi linalofanana na la asili, na usichokiona zaidi ni usafi wa mikono iliyoifunga. Fundi anayekaza boliti za hedi kwa kubahatisha, bila spana ya kupimia nguvu, anaweza kuharibu kazi yote ya karakana ya kuchonga kwa nusu saa.

Injini ya mtumba unainunua ikiwa imefungwa, na historia yake imebaki Japani. Hata hivyo hulazimiki kununua gizani. Izungushe krankishafti kwa spana uone kama inageuka bila kukwama. Fungua kifuniko cha oili: tope jeusi gumu ni ishara ya oili iliyokuwa haibadilishwi, na utelezi mweupe kama maziwa yaliyokatika ni ishara ya maji yaliyoingia. Omba sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, ifunguliwe uangalie kama kuna vumbi la chuma. Chunguza boliti za hedi kama zina alama za spana, kwa maana injini ambayo tayari imefunguliwa si ile unayoambiwa kwamba imetoka moja kwa moja kwenye kontena, na injini iliyopakwa rangi mpya inayong'aa iulizwe maswali mawili zaidi. Muuzaji akikubali iwashwe kwa betri pale chini na kupimwa kompresheni, hapo umepunguza nusu ya hatari. Siku za kujaribu ambazo wauzaji hutoa ziandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya injini na kinachotokea ikirudishwa, yaani fedha au injini nyingine.

Injini ya aina tofauti ina giza hilohilo la mtumba, na juu yake giza la pili: hujui itakavyokaa na gari lako mpaka iwe imeingia. Gia boksi, shafti, feni kwenye rejeta, mabomba ya ekzosti, nyaya na vipimo vya dashibodi vyote ni maswali mapya.

Fedha

Kupandisha injini ya mtumba ya aina ileile kuna faida moja kubwa, nayo ni kwamba bei yake unaijua mwanzoni. Lakini usiiweke kama ilivyokuja. Kwenye 3L au 5L badilisha mkanda wa taimingi hata kama unaonekana mzima, maana hupangiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 nawe hujui umetembea ngapi. Badilisha sili za mbele na za nyuma za krankishafti, thermostati, filta zote na oili, na kwa kuwa gia boksi iko chini, itazame klachi. Mtu aliyeweka bajeti ya injini peke yake hujikuta ameongeza sehemu isiyo ndogo ya bei hiyo kwa vitu ambavyo hakuvitaja.

Kusuka kuna tabia ya kinyume: makadirio ya kwanza huwa madogo, kisha huongezeka kadiri vitu vinavyofunguliwa. Fundi hukuambia ringi na beringi. Siku ya tatu inaonekana silinda zina mikwaruzo, basi pistoni. Siku ya tano hedi ina ufa. Kinga yake ni kukubaliana kwamba kazi isimame baada ya kufungua na kupima, ukapewa orodha iliyoandikwa ya kila kipuri na kila kazi ya karakana, na ndipo uamue kuendelea au kuuza mabaki na kununua mtumba. Mafundi wazuri hawakasirikii ombi hilo.

Kuweka injini ya aina tofauti ndiko kwenye gharama zisizotabirika kuliko zote, ingawa kunaweza kuokoa fedha baadaye kama injini iliyotoka ilikuwa ikila nozeli na vifaa vya umeme kila mwaka.

Kwa yule anayejiuliza kwa nini asiuze pikapu akanunua nyingine, hesabu yake imebadilika. Tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, na ushuru wa magari ya mtumba si mwepesi. Ndiyo sababu pikapu nyingi za zamani, zenye fremu imara, zinastahili injini ya pili hata pale ambapo nambari peke yake zingesema zisukumwe pembeni.

Siku za gari kulala

Hapa mtumba wa aina ileile hushinda waziwazi. Fundi mwenye winchi na msaidizi huweza kushusha na kupandisha kwa siku mbili hadi nne. Kusuka huchukua wiki moja hadi tatu, kutegemea foleni ya karakana ya kuchonga na kama vipuri vyote vipo. Tuseme pikapu inakuachia shilingi 150,000 kwa siku baada ya mafuta na dereva: tofauti ya siku 10 ni shilingi 1,500,000, na kiasi hicho lazima kiandikwe upande wa kusuka kabla ya kusema ni rahisi. Kwa mtu anayelitumia gari mara mbili kwa wiki kwenda shambani, mstari huohuo hauna uzito. Usisahau pia kwamba injini iliyosukwa hairudi kazini kwa nguvu zote siku ya kwanza. Kilomita 1,000 za mwanzo zinataka mzigo mwepesi na mwendo usio wa kukimbia, kisha oili ibadilishwe. Njia ya injini tofauti huchukua muda usiojulikana, na nimeona gari likikaa gereji zaidi ya mwezi kwa ajili ya mauntingi na nyaya.

Aina ya injini, vipuri na fundi

Hakuna jibu moja kwa pikapu zote, kwa sababu injini zenyewe hazifi kwa namna moja.

Kundi la L la Toyota ndilo lililobeba teksi za Hiace za abiria 14 miaka mingi, na kwa hiyo pistoni, ringi, beringi na gasketi zake hupatikana Kisekka na hata katika miji ya wilaya, nao mafundi wanaozijua ni wengi. Ni injini inayokubali kusukwa. Isuzu 4JA1 na 4JB1 nazo ni rafiki wa kusukwa, kwa kuwa silinda zake zina slivu nyembamba, yaani mirija ya chuma ya ndani, zinazotolewa na kuwekwa mpya badala ya kutoboa bloku. Ukimiliki mojawapo ya hizi na bloku haina ufa, kusuka kunapaswa kuwa jambo la kwanza kufikiriwa.

1KZ-TE ya lita 3 na Mitsubishi 4D56 zina hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma cha kumimina, na kifo chao cha kawaida huanzia hedi: gari likichemsha mara moja tu, nyufa huweza kujitokeza kati ya vali. Mara nyingi bloku yake bado ni nzima, basi hedi mpya na gasketi, pamoja na rejeta iliyosafishwa, huweza kutosha bila kugusa pistoni. 4D56 ina mikanda miwili; ule mdogo wa shafti za kusawazisha ukikatika huweza kuingia kwenye mkanda wa taimingi na kuharibu vali, kwa hiyo ibadilishwe pamoja.

1KD-FTV, iliyokuja na Hilux Vigo, ni habari nyingine. Sili za shaba chini ya nozeli zikivuja, masizi huingia kwenye oili, huziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu, na beringi hukosa oili wakati dereva haoni dalili yoyote hadi taa iwake. Injini ya namna hiyo ikinoki, mara nyingi krankishafti imeumia. Kuisuka kunahitaji nozeli zilizopimwa kwenye mashine, na kila nozeli ina msimbo wake unaopaswa kuingizwa kwenye kompyuta ya gari. Fundi asiye na kifaa cha kusoma kompyuta asiiguse, hata kama ni bingwa wa 3L. Nissan ZD30, inayojulikana kwa kutoboa pistoni, huangukia katika kundi hilihili la tahadhari.

Mtumba nao una mtego wake katika kigezo hiki. Jina la injini likifanana haimaanishi kwamba inaingia. 5L iliyotoka kwenye Hiace ina sampu, mauntingi na bomba la kuingizia hewa tofauti na la Hilux, na Hilux ya kuvuta magurudumu manne ina sampu isiyofanana na ya kuvuta mawili, kwa sababu ya difu ya mbele. 1KZ ipo ya pampu ya kawaida na ipo ya pampu ya umeme. Kwa hiyo injini ya zamani isiuzwe chuma chakavu kabla mpya haijawaka. Sampu yake, mabano yake na wakati mwingine pampu yake ndivyo vitakavyookoa siku.

Njia ya injini tofauti inategemea kabisa fundi aliyekwisha kuifanya kwenye gari kama lako. Mwulize aliifanyia wapi, uende ukalione gari lenyewe likipanda mlima na mzigo.

Karatasi

Namba ya injini imeandikwa kwenye logbuku ya gari. Ukisuka injini ileile, hakuna kinachobadilika. Ukipandisha nyingine, ya aina ileile au tofauti, ofisi ya usajili inapaswa kujulishwa ili namba ibadilishwe, nawe uwe na risiti ya muuzaji na nyaraka za forodha za injini hiyo. Wengi huahirisha jambo hili, kisha hulikumbuka siku wanapotaka kuuza gari, kuweka dhamana ya mkopo, au kuvuka mpaka wa Malaba au Mutukula, ambapo afisa hufungua boneti na kulinganisha. Injini isiyo na karatasi hata kama ni rahisi huweza kuwa imetoka kwenye gari la wizi.

Kila njia inamfaa nani

Kusuka kunamfaa mtu mwenye injini ambayo bloku na krankishafti yake ni nzima au zinaweza kuchongwa, mwenye fundi anayemwamini na anayeweza kumtembelea gereji, na ambaye gari likilala wiki mbili hatakosa chakula. Kunamfaa pia anayetarajia kulitumia gari miaka mingi bila kuuza.

Mtumba wa aina ileile unamfaa mfanyabiashara ambaye kila siku ina bei, na yule ambaye injini yake imevunjika kabisa, konrodi ikatoboa bloku, hata hakuna cha kusuka. Anapaswa tu kuwa mtu wa kukagua na kudai maandishi.

Injini tofauti inamfaa anayeishi mbali na fundi wa kompyuta, mathalani huko Karamoja au visiwani, anayetaka kitu ambacho fundi wa kijijini ataweza kukifungua, na ambaye yuko tayari kupoteza nguvu kidogo mlimani kwa ajili ya amani hiyo.

Kulingana na hali yako

Ikiwa injini inachemsha lakini kompresheni ni nzuri na haili oili, usifikirie kubadilisha wala kusuka yote. Fungua hedi, pima, tengeneza mfumo wa maji. Ikiwa inakula oili, ni 3L, 5L au Isuzu ya slivu, na hainoki, isuke. Ikiwa ni 1KD iliyonoki na hapo ulipo hakuna fundi mwenye vifaa, mtumba kamili wenye nozeli zake na kontrolboksi (kompyuta) yake huenda ukawa salama kuliko kusukwa nusunusu, mradi umepimwa.

Ikiwa una mkataba wa kupeleka maziwa kila asubuhi kutoka Mbarara, nunua mtumba kwa sasa, na injini ya zamani ihifadhi uisuke polepole, kipuri kwa kipuri, iwe akiba. Ni njia ghali kidogo mwanzoni, lakini nimeiona ikifanya kazi kwa wenye pikapu mbili tatu za aina moja. Ikiwa fremu imeoza kwa kutu au gia boksi nayo inalia, fedha za injini ziweke kando kwanza, umwite mtu mwingine aitazame pikapu yote.

Na kama bado hujui chanzo, usinunue chochote wiki hii. Peleka rejeta ikafunguliwe na kusafishwa, weka kifuniko kipya cha shinikizo sahihi na thermostati, kisha pima kompresheni silinda kwa silinda, uandike namba nne hizo kwenye karatasi. Mwonyeshe karatasi hiyo fundi wa kusuka, halafu mwonyeshe muuzaji wa injini, na kila mmoja umwombe akueleze kwa namba hizohizo kwa nini njia yake ndiyo inayokufaa.